Tuliichora Nyumbani

Watu wengi wa Makambako wanaifahamu kazi ya Germana Mlowe bila kumfahamu yeye mwenyewe. Majina ya nyumba za wageni karibu na stendi, maua yanayozunguka milango ya malori ya mbao, ng'ombe aliyenona kwenye ukuta wa bucha iliyo njia ya kwenda stesheni ya reli: yote hayo yametoka kwenye brashi yake. Nilipompelekea kibao cha shule yetu akiandike upya, nilitarajia kukaa naye mpaka rangi ikauke, basi. Nilirudi mara nyingi baada ya hapo. Haya ninayoyaandika ameyasoma na ameniruhusu niyatoe.

Anafanyia kazi kwenye kibanda cha mabati alichoachiwa na fundi Nahumu, mzee aliyemfundisha kuandika magari. Madereva hupenda kumtania, naye hawaachii.

"Dada Germana, hapo mbele niandikie 'Simba wa Makambako'," dereva mmoja aitwaye Fredy alimwambia siku niliyokuwepo.

"Nafasi ya simba imejaa, kaka. Imebaki ya fisi."

"Mimi ndio fisi?"

"Si wewe uliyemaliza nyama yote kwenye harusi ya Rodrick? Bibi harusi alikula wali mkavu."

Wote waliokuwa pale waliangua kicheko, na Fredy akacheka kuliko wote. Germana ni mwepesi wa maneno namna hiyo. Lakini mtu akimuuliza alisomea wapi kuchora, hujibu kwa kifupi, "Nilisoma miaka miwili," kisha huinama kuchanganya rangi. Kozi yenyewe ilikuwa ya miaka mitatu. Ilinichukua muda kupata ujasiri wa kumuuliza habari za mwaka uliobaki.

Alizaliwa nje kidogo ya mji wa Njombe, karibu na misheni ambako baba yake, mzee Kornelio, alikuwa katekista. Mama yake, Feliciana, alisifika kwa kukandika nyumba. Alichota udongo mweupe bondeni na mwekundu barabarani, akauponda, akaupaka ukutani kwa viganja vyake, na alipomaliza, ukuta ulibaki na mawimbi yaliyofuatana kama matuta ya shamba la viazi. Germana alijifunza kwake kabla hajajua kuandika jina lake.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote. Mtoto hakuruhusiwa kujitaja peke yake mbele ya wakubwa. Aliyechota maji alisema, "Tumechota maji." Aliyeongoza darasani alisema, "Tumefaulu." Wazee wengi wa kule husema hivyo hata leo na hakuna anayeshangaa, lakini mzee Kornelio aliifanya tabia hiyo kuwa katekisimu ya pili. Mtoto akiteleza mezani, akasema, "Mimi nataka kiazi kile," baba aliweka kijiko chini na kuuliza kwa upole, "Mimi ndiye nani? Ni mgeni? Mbona hatujatambulishwa?" Ndugu zake wote walicheka, na mwenye kosa aliona haya kuliko kama angechapwa. Germana anasema kwamba alipofika kidato cha nne neno lile lilikuwa limekwisha kabisa kinywani mwake, akiwa mbele ya watu wazima.

Alipochaguliwa kwenda chuo cha sanaa, mzee Kornelio hakusita. Alikuwa na shamba la miti ya paini, akaikata yote iliyokomaa ili kulipia miaka miwili. Iliyobaki ilikuwa miche, inamfika mtu magotini. Kwa hiyo mwaka wa pili ulipokuwa unaelekea mwisho, mambo yalikuwa wazi kwa familia nzima: mwaka wa tatu haukuwa na wa kuulipia, na miche haisikii ukiiambia ikue haraka.

Wakati huo huo mfuko mmoja wa watu binafsi ulitangaza tuzo kwa wanafunzi wa vyuo vya sanaa. Washindi wangelipiwa mwaka wa mwisho, wangepewa vifaa, kisha wangepelekwa kufanya kazi na wasanii wazoefu. Majaji wangezunguka nchini, na wanafunzi waliotoka nyanda za juu kusini wangekutana nao Njombe mjini. Masharti yalikuwa mawili. Mshindani awe bado ni mwanafunzi, na kazi iwe ya mkono wake peke yake. Sharti la pili lilitiliwa mkazo sana, kwa sababu mwaka uliotangulia mshindani mmoja aligundulika kuwa alileta picha iliyochorwa na mjomba wake.

Germana alirudi nyumbani likizo na kuanza kazi. Alipigilia mbao za paini pamoja, akazikandika kwa viganja, kwa udongo kama wa mama yake uliochanganywa na gundi, akachora jiko la kwao asubuhi ya baridi. Watu wameuzunguka moto na kumpa mgongo mtazamaji. Mwanga unapita kati ya mabega yao. Weusi wote aliupata kwenye masizi ya chungu. Hakutumia brashi. Alitumia vidole na kipande cha mwanzi alichokitafuna ncha mpaka kikachambuka. Alichora peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama yake alikaa jikoni akimenya viazi na kuimba, na hakugusa.

Siku ya majaji, ukumbi ulijaa makoti na masweta. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Mzee Kornelio alivaa suti yake ya Pasaka na kusimama nyuma, kofia mkononi. Mwalimu Rosemary, aliyewafundisha Germana na wenzake uchoraji, alikuja kutoka chuoni kuwatia moyo. Alipoiona picha, alisimama mbele yake, halafu akamfinya Germana mkono.

Majaji nao walikaa mbele ya picha ile kuliko mbele ya nyingine yoyote. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, aliinama akazitazama alama za viganja.

"Huu ni mkono wa mtu aliyekandika nyumba nyingi," alisema. "Hebu tuambie, binti. Kazi hii imefanyikaje?"

Germana alimwona baba yake akisogea karibu asikie.

"Tulichota udongo bondeni," alijibu. "Tukauponda, tukachanganya na gundi. Ulipokauka tukaanza kuchora."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tulikuwa nyumbani tu, mama."

Jaji mwingine, kijana kidogo, aliinua kichwa. "Mama yako anakandika?"

"Anakandika sana. Kijiji kizima kinamwita."

"Na kwenye picha hii alikuwepo?"

"Ndiyo. Tulikuwa naye."

Germana anakumbuka kwamba alijiona anajibu vizuri. Sauti yake haikutetemeka, alitazama chini inavyostahili, na baba yake alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ni pale tu alipomtazama Mwalimu Rosemary ndipo alipoona uso wake umebadilika.

"Sikiliza," alisema yule mama wa miwani, bila ukali. "Ni swali dogo. Picha ni yako, au si yako?"

"Ni yetu, mama."

Majaji walitazamana. Yule kijana akaona njia ya kulimaliza jambo. "Mzee wake yupo? Ni yule? Mzee, karibu, tusaidie. Picha hii imechorwa na nani?"

Mzee Kornelio alipiga hatua mbele, akasalimia, "Kamwene," kama anavyosalimia kanisani, akanyoosha mgongo. Alikuwa ameisubiri nafasi ya kumsemea binti yake.

"Tumeichora wenyewe," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Nyumbani kwetu. Hakuna mtu wa nje aliyetia mkono."

"Asante sana, mzee," alisema jaji, akaandika.

Mwalimu Rosemary alimfikia Germana ubavuni na kumnong'oneza, "Sema ni wewe. Sema sasa hivi, kabla hawajaondoka. Neno moja tu!"

Hapo ndipo moyo wa Germana ulipogawanyika, na ningependa msomaji aelewe kilichokuwa kwenye mizani. Upande mmoja kulikuwa na mwaka wa tatu, na bila huo, kwaheri chuo. Upande wa pili alisimama baba yake, mbele ya watu wa mji na wazazi wenzake, akiwa ametoka tu kusema "tumeichora". Kusema "ni mimi" wakati ule kulikuwa ni kumwambia baba hadharani, "Umedanganya." Majaji walikuwa wameshafika kwenye picha ya jirani, ya kijana aitwaye Ronald. Germana alifungua kinywa, akaona kofia ya baba yake ikizungushwa mikononi kwa furaha, akakifunga.

Matokeo yalitangazwa siku hiyo hiyo. Ronald alishinda. Kabla ya kufunga, mama wa miwani alisema wangependa kuipongeza kwa namna ya pekee familia ya mzee Kornelio kwa kuendeleza ukandikaji wa asili, ila tuzo ilikuwa ya mwanafunzi mmoja mmoja. Ukumbi ukapiga makofi. Mzee Kornelio alipiga kuliko wote. Ni mpaka walipokuwa njiani, picha imefungwa kwa kamba juu ya gari, ndipo alipogeuka kwa binti yake.

"Mbona hawakutaja jina lako kwenye wale wa kulipiwa?"

"Hatukupata, baba."

"Wametupigia makofi wakatunyima," alisema. "Basi wanapeana wenyewe kwa wenyewe."

Hayo ndiyo maelezo ya kwanza yaliyomjia, na hakuyabadilisha tena. Aliyarudia misheni baada ya ibada, akayarudia gulioni; kilabuni wanywaji wa ulanzi wakayapamba wakasema yule Ronald ni mtoto wa mkubwa fulani, jambo ambalo halikuwa na ukweli wowote. Mama Feliciana alimwuliza Germana kando, akaelezwa yote, akakaa chini. "Usimwambie baba yako," alisema. "Atakufa." Germana hakuhitaji kukatazwa. Alifungasha nguo zake, akaenda Makambako kwa fundi Nahumu aliyekuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kupiga herufi.

Ningeweza kuishia hapa, na hadithi ingekuwa ya kusikitisha kiasi. Lakini Germana mwenyewe haisikitikii sana sehemu hiyo. "Ile niliyoipoteza ilikuwa yangu," aliniambia. Kinachomnyima usingizi ni habari ya Lightness.

Lightness ni mdogo wake wa mwisho. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati wa majaji, na alikua akichora nguo: magauni, mashati ya kwaya, vitenge vyenye mapambo aliyoyabuni mwenyewe. Alipomaliza kidato cha nne, mfuko ule ule ulikuwa umepanuka na unalipia wanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Mwalimu Rosemary aliziona kazi zake akasema hana wasiwasi naye. Kilichotakiwa ni mzazi kufika Njombe pamoja na mtoto, akubali mbele ya wahusika.

Mzee Kornelio alikataa.

"Ni wale wale waliomnyima dada yako?"

"Ndio hao, baba, lakini..."

"Hatuchezewi mara mbili. Huko wanachagua watoto wao. Kaa hapa tulime."

Lightness alimpigia dada yake simu akilia. Germana akafunga kibanda, akapanda Kosta ya Njombe akiwa ameshakata shauri kwamba siku hiyo atasema ukweli. Alinieleza kwamba alifanya mazoezi ya maneno yale njia nzima, midomo ikicheza, mpaka mama aliyekaa naye akamuuliza kama anasali.

Walikaa jikoni, wakaletewa chai na viazi vya kuchemsha. Germana alianza, "Baba, tumekuja kuhusu ile siku ya majaji." Na baba yake akauweka mkono wake juu ya wa kwake.

"Ile siku," alisema. "Acha waninyime vingine vyote, ile siku siisahau. Ulivyosimama! Wenzako walikuwa wanajigamba, kila mmoja na yake. Wewe ukajibu kama mtoto aliyelelewa. Nikajisemea, hata nikifa leo, kazi yangu imeonekana."

Mama Feliciana alikuwa anachochea moto. Hakugeuka. Lightness alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri dada yake aendelee.

Germana alikunywa chai. Akasema viazi vya mwaka huu vina wanga. Akauliza habari za ng'ombe. Jioni alipanda gari la kurudi Makambako, na Lightness aliyemsindikiza kituoni hakumuuliza kitu. Alifikiri dada yake alikuja kumbembeleza baba akashindwa. Siku ya wahusika ikapita. Lightness alikwenda kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Njombe, na baada ya muda akaolewa na Amon, mpasua mbao, kijana mwema.

Ukweli ulitoka mwaka jana, mahali ambapo Germana hakupanga. Mzee Kornelio alikuja Makambako kutibiwa macho, akapitia kibandani. Germana alikuwa anamalizia mlango wa lori, maua mekundu kwenye bluu. Baba yake aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Mnaona mkono huu?" aliwaambia madereva. "Mkono huu ulikuwa wa kufika mbali. Wakubwa waliuonea. Na mdogo wake nilimzuia mwenyewe wasije wakamwonea na yeye. Nilifanya vizuri."

Germana anasema ni hilo la mwisho. Angeweza kuvumilia yote isipokuwa "nilifanya vizuri". Alimshika baba yake mkono, akamketisha kwenye benchi nyuma ya kibanda, akamweleza: maswali ya majaji, majibu yake, jibu la baba, na Mwalimu Rosemary alichomnong'oneza.

Germana alipomaliza, mzee aliuliza, "Yule mwalimu alijua?"

"Alijua, baba."

"Mama yako?"

"Alijua."

"Kwa hiyo asiyejua alikuwa mtu mmoja tu." Alivaa kofia yake. "Nipeleke stendi."

"Daktari je? Tulisema kesho."

"Nipeleke stendi, mwanangu."

Hakwenda nyumbani. Alishuka Njombe, akaenda moja kwa moja kwa Lightness, akamweleza yote aliyoyasikia, akamwambia kwamba miche ile sasa ni miti, kwamba ataiuza yote, aende chuo anachotaka. Lightness alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine akimvuta sketi. Alimsikiliza baba yake kwa heshima zote, akamwandalia chakula. Kisha akamwambia ahsante, ila penseli hajaishika tangu alipoolewa, na hajui kama mkono bado upo. Alimwomba aiache miti ikue.

Germana alimfuata Lightness Jumapili iliyofuata. Walikuwa uani, Lightness akichagua maharage kwenye ungo.

"Ulijua muda wote ule?" aliuliza Lightness. "Hata siku ile ya viazi?"

"Nilijua."

"Ulimwogopa baba?"

"Sikumwogopa. Nilimwonea huruma. Alikuwa na furaha, Lightness. Ungemwona alivyokuwa na furaha."

"Nilimwona. Nilikuwa nimesimama mlangoni." Alitupa kijiwe. "Dada, ile huruma ilikuwa nyingi hivyo, ukakosa hata kidogo ya kunipa?"

Germana alivuta upande mmoja wa ungo magotini mwake, wakachagua maharage pamoja mpaka yakaisha. Siku hizi Lightness anapokea simu zake na kumweleza habari za watoto, lakini akipita Makambako na mume wake, lori lao la mbao huegeshwa upande wa pili wa barabara, na ni Amon peke yake anayevuka kuja kusalimia.